Mama Mkwe Anataka Tukaoge

Jumanne bafu letu la umma hufungwa. Maji yote hutolewa, vigae husuguliwa, na wanawake wa mji wetu, Taebaek, hukaa na nongo zao mpaka Jumatano. Kwa hiyo Ranhi aliposukuma mlango wa upande wa wanawake Jumanne ile, saa nane mchana, theluji mabegani na shali imemzunguka mpaka puani, nilijua hakuja kuoga. Alikuja kuniambia kwamba haogi.

"Mama mdogo," akasema, hata viatu hajavua, "mwambie pampu imeharibika."

"Nimwambie nani?"

"Unamjua. Mama Taegyu. Anakuja saa tisa. Mwambie pampu imekufa, boila imepasuka, bomba limeganda, chagua mwenyewe."

"Pampu kweli imeharibika," nikamjibu. "Lakini inatengenezwa."

Sikumwambia inatengenezwa na nani, na hakuniuliza. Mimi sidanganyi watu. Huwa nasubiri tu niulizwe.

Hapa mjini kila mtu ananiita mama mdogo, ingawa katika mama zao hakuna hata mmoja niliyezaliwa naye tumbo moja. Jina langu Bunrye, na kazi yangu kwa miaka thelathini na minne ni kusugua nongo. Mteja analala kwenye kitanda cha plastiki, mimi navaa glavu za kitambaa kinachokwaruza, namsugua kuanzia shingoni mpaka kisiginoni, nyuma na mbele, mpaka anainuka anang'aa kama yai lililomenywa. Mke wa mwenye duka la nyama nimemsugua, na hawara wa mwenye duka la nyama nimemsugua, siku hiyo hiyo, kitanda hiki na kile, nikawauliza wote wawili habari za nyumbani. Hiyo ndiyo sifa niliyokuwa nayo, mikono mikali na mdomo uliofungwa. Zamani niliringa nayo.

Nikamvuta Ranhi mpaka ndani kwenye ukumbi wa maji, maana chumba cha kuvulia nguo kilikuwa kama friji. Mabwawa makubwa yalikuwa matupu. Bwawa moja dogo tu, lile Mama Taegyu aliloomba nimwachie ili waoge bila watu, lilibaki na maji ya moto, mvuke wake ukipanda taratibu na kutanda juu ya ukuta unaotutenganisha na wanaume. Ukuta ule haufiki darini. Mafundi walibakiza nafasi juu ili mvuke upite, na tangu siku hiyo vimepita vingi: sabuni, vicheko, waume wakiuliza "umemaliza?" na wake wakijibu "bado" huku wameshavaa.

"Vua basi hilo koti, utachemka."

"Sivui."

"Hata kofia?"

Kofia akavua. Nywele zake zilikuwa zimeota tena, fupi, za mawimbi. Kabla ya zile dawa zilizozidondosha zilikuwa zimenyooka kama mvua.

"Mungu wangu, wamekupandikiza kondoo!"

Akacheka bila kutaka, halafu kicheko kikakatika na mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe mpaka kifuani, upande wa kushoto, ukasimama hapo. Siku hizi mkono wake unakaa hapo wakati wote, kama mtu anayeshikilia mlango usifunguke.

Titi la kushoto lilibaki hospitalini Wonju, miaka miwili iliyopita. Na kwetu, mwanamke akitaka kumjua mchumba wa mwanawe, hamkaribishi chai. Anamwambia, "Twende tukaoge." Watasuguana migongo, watacheka, wakitoka watakunywa maziwa ya ndizi, na muda wote huo macho ya mama mkwe yanafanya kazi yake. Nyonga zikoje, ngozi ikoje, kuna kovu la nini pale. Ndani ya bafu hakuna shali.

"Unaogopa atakukataa?" nikamuuliza.

"Akinikataa sawa. Alinikataa zamani, hata kabla sijaugua. Alisema nyumba yetu ina ugonjwa, mama yangu kafa nao, mimi nitafuata. Ona, ni mtabiri." Akameza mate. "Mama mdogo, mimi mwenyewe sijajiona. Miaka miwili. Naoga taa nimezima. Pale mahali napitisha sabuni mbio mbio, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa mkali. Kioo nimekifunika na kalenda ya benki. Sasa yeye ndiye awe wa kwanza kuniona?"

"Na Taegyu?"

Upande wa pili wa ukuta spana iliyokuwa ikigonga gonga ikanyamaza. Ranhi hakusikia. Mtu aliyejaa mawazo hasikii spana.

"Taegyu nilimwambia nimepata mwanaume mwingine Wonju," akasema. "Nilimrudishia pete kwa posta, kwenye boksi la dawa ya meno. Nilidhani atanichukia, yaishe."

"Akakuchukia?"

"Alikuja dukani."

Hilo nililijua, mji mzima ulilijua. Ranhi aliporudi kutoka Wonju alishika kazi yake ya zamani kwenye duka la dawa karibu na stesheni, na kila Ijumaa Taegyu fundi boila aliingia kununua plasta. Plasta! Mwanaume yule hajakatwa hata na karatasi. Anasimama mbele ya kaunta theluji ikimyeyukia mabegani, anamtazama Ranhi, na Ranhi anaitazama plasta. Hampi mkononi. Anaiweka juu ya kaunta, anaisukuma kwa kidole kimoja, na Taegyu anaweka kidole chake pale pale kilipotoka kidole cha Ranhi, anasubiri kidogo, ndipo anaichukua. Na hapa kwetu pampu iliharibika mara sita mwaka jana. Pampu ile haina kosa lolote. Alikuwa anakuja kuniuliza, "Mama mdogo, amekonda? Anakula? Huyo mwanaume wa Wonju anamtunza?" Mwisho nilichoka. Nikamwambia, "Muulize mbona mwezi wa nane anavaa shali."

Akamuuliza, barabarani, mbele ya duka la tambi. Ranhi akamjibu ukweli kwa sentensi moja kisha akakimbia. Kesho yake Taegyu akamwambia mama yake, "Namwoa." Na mama yake akasema lile neno: kabla sijasema ndiyo wala hapana, nataka nikaoge naye.

"Hajawahi kunigusa tangu wakati ule," Ranhi akaendelea, sauti imeshuka. "Akinyoosha mkono, wangu unatangulia. Nikilala naota anafungua vifungo, anafungua, anafungua, haviishi, na mimi naomba visiishe."

Upande wa pili spana bado haikugonga.

Alikuwa akizunguka zunguka huku anasema, na miguu ikachoka, akataka kukaa. Vitanda vyangu viko vitatu. Akaelekea cha katikati.

"Usikae hapo!"

Nilishtuka mwenyewe kwa sauti yangu.

"Kwa nini? Kimevunjika?"

Wateja huwa nawaambia kina mguu mbovu, na miaka kumi na minane hakuna aliyekilalia. Siku hiyo uongo ule uligoma kutoka. Nikasema, "Kina mtu."

Akanitazama. Akakitazama kitanda, plastiki ya pinki iliyopauka, hakuna kitu.

"Nani?"

Nikavua glavu. Nilikuwa nimezivaa bila sababu, mazoea tu.

"Mama yako."

Sasa mtanicheka, bibi kizee anayefanya kazi kwenye mvuke anaona mizimu. Chekeni. Mvuke ukiwa mwingi, alasiri, Okjin, mama yake, huwa amelala pale kifudifudi, nywele mbichi zimemfunika shavu, anasubiri zamu yake. Hasemi. Hageuki. Namsugua mteja wa kitanda cha kwanza, na kwenye pembe ya jicho namwona anasubiri. Najua akigeuka nini kitafuata. Akigeuka itabidi nimsugue mbele.

"Ilikuwa siku ya kuamkia Mwaka Mpya," nikamwambia Ranhi. "Foleni mpaka nje. Mama yako akageuka, nikapitisha mkono chini ya titi la kushoto, nikakuta punje. Ndogo, ngumu, kama punje ya soya. Mkono wangu ukasimama. Miaka kumi na tano nimesugua watu, mkono unajua. Ukawa kama umegusa kitu kinachonitazama."

Ranhi akasogea hatua moja karibu na kitanda.

"Akaniuliza, 'Mbona umesimama?' Na siku ile hakuna mtu anayetaja ugonjwa, unajua. Ukiutaja kabla ya Mwaka Mpya, umeuitia njia ya nyumbani. Nikasema nitamwambia sikukuu ikipita. Nikamwambia mkono umebanwa na misuli. Sikukuu ikapita, hakuja. Kuchachusha kabichi za kimchi, shamba, wewe na shule yako. Alikuja mwezi wa tisa, karibu na sikukuu ya mavuno. Ile punje ilikuwa ngumi."

Theluji iliteleza juu ya paa na kudondoka uani kwa kishindo. Sote wawili tukaruka.

"Kwa hiyo ulijua," akasema Ranhi.

"Mkono ulijua. Mimi nilijifanya sijui."

"Kwa sababu ya Mwaka Mpya."

"Ndiyo."

"Na mimi nilipolala kitanda kile cha pembeni, ukanifukuza. Ulinipigia kelele mbele ya watu, 'Vaa nguo uende hospitali sasa hivi!' Nilikuona mwendawazimu. Ulipiga kelele vile kwa sababu yake."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mimi niko hai kwa sababu yeye alikufa."

Nilisimama nimeshika glavu zangu zinadondosha maji, mwanamke mzima, nasubiri anizabe kofi. Ningelipokea kwa shukrani.

Hakunizaba. Akauliza, pole pole, "Ulipogusa, aliumia?"

"Alicheka. Alisema namtekenya."

Machozi yakamtoka Ranhi bila sauti, akayaacha yateremke mpaka kwenye shali. Kisha akatazama kile kitanda cha katikati kwa muda mrefu.

"Basi asogee," akasema, akakaa ukingoni, kama unavyokaa kwenye kitanda cha mgonjwa aliyesinzia.

Ndivyo Mama Taegyu alivyotukuta. Mwanamke yule hana mchezo. Aliingia tayari yuko kama alivyozaliwa, kikapu cha sabuni mkononi, taulo kichwani, miaka sitini na sita, anatembea juu ya vigae kama mkaguzi wa shule.

"Dada Bunrye, hujambo? Na wewe," akamgeukia Ranhi, "unaoga na koti?"

"Mama, nimekuja kukuambia kwamba sitaoga."

"Umekuja bafuni kuniambia hutaoga. Ungepiga simu." Akavuta kigoda, akakaa, akajimwagia beseni la maji, akapiga kelele kidogo kwa moto wake. "Haya. Umekonda. Mkono huo mbona umeushika hapo?"

Ranhi akaushusha. Ukapanda tena.

"Sikiliza, binti," akasema Mama Taegyu. "Watu wanasema mimi ni mchawi wa wakwe. Waache. Baba yake Taegyu alitoka mgodini akiwa na mapafu yaliyojaa vumbi. Alikufa kwa miaka kumi na mmoja. Kila siku kidogo. Nilimlisha, nilimgeuza, nilimwogesha kwa beseni, nikamshika mgongo akikohoa mpaka ninajua kila mfupa wake kwa jina. Amezikwa miaka tisa sasa, na bado alfajiri namsikia anakohoa chumba cha pili. Nainuka na beseni. Naenda nimelishika hivi." Akalishika lile beseni kwa mikono miwili. "Nafika, nawasha taa. Godoro limekunjwa. Narudi kulala. Kesho anakohoa tena."

Akaweka beseni chini.

"Sikuchukii. Matiti si kitu, yangu mawili haya yamefika kiunoni na hakuna anayeyaulizia. Sikuja kutazama urembo. Nimekuja nione kama unakufa. Mtu anayekufa mimi namjua kwa ngozi, daktari hanishindi. Vua nikutazame."

"Na ukiona nakufa?"

"Nitamfungia mwanangu ndani ya nyumba."

"Mama!" Sauti ikaruka juu ya ukuta na mwangwi wake ukazunguka ukumbi mzima. "Nina miaka thelathini na saba!"

Sijawahi kuona mwanamke wa miaka sitini na sita akiruka vile. Beseni alilifunika mbele, kikapu nyuma, sabuni ikateleza mpaka kwenye bwawa.

"Taegyu? Wewe uko huko?"

"Natengeneza pampu!"

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa nne asubuhi!"

Ranhi alinigeukia. Nikaanza kuhesabu vigae. Vigae vya ukuta ule ni vingi, ningeweza kuvihesabu mpaka jioni.

"Mama mdogo," akasema akisaga meno, "ulijua."

"Hukuniuliza."

"Kasikia yote!"

"Nimesikia," ikasema ile sauti, sasa imepungua, ya mtu aliyesogea karibu na ukuta. "Ranhi, nisamehe. Nilitaka kutoka, mlango wa huku unapiga kelele, nikaona nikitoka utajua na utakimbia tena. Sasa natoka. Nikiendelea kusikiliza nitakuwa mwizi."

Nyayo zake zikasikika zinaelekea mlangoni, viatu vya mpira juu ya vigae vikavu. Ranhi alisimama. Kati yake na mlango wetu hapakuwa na mtu. Angeweza kuondoka kama alivyoondoka siku ile ya pete, na safari hii nadhani asingerudi, si dukani, si mjini. Aliutazama mlango, na mimi nikamtazama anavyoutazama.

"Usitoke," akasema.

Nyayo zikasimama.

"Kaa hapo hapo. Usiseme kitu."

Akafungua kifungo cha kwanza cha koti. Vifungo vilikuwa sita. Kisha shali, kisha sweta, kisha fulana ya joto, akiviweka kimoja kimoja juu ya kitanda cha katikati kwa mpangilio, kama mtu anayempa mwenzake amshikie. Mwisho akatoa kifuko alichokuwa amekivaa ndani ya sidiria, cha kitambaa laini, kimejaa punje za uwele.

"Nilikishona wodini," akamwambia Mama Taegyu, kana kwamba ndiye aliyeuliza. "Yupo mwenzangu wa kitanda cha dirishani, mama mmoja wa Jecheon, alitufundisha sote. Uwele una uzito wa kweli, pamba inapaa. Kila Jumapili jioni tunapigiana simu, wanne. Tulikuwa watano. Yeye aliniambia, siku utakayojitazama, usiwe peke yako. Nikamwambia mimi sina mtu."

Alisimama nusu uchi mbele yetu, mikono imeshuka, macho ameyaelekeza darini. Mama Taegyu alinyanyua uso akamtazama. Hakuharakisha. Mimi pia nikatazama, maana ningefanya nini.

"Taegyu," Ranhi akaita.

"Nipo."

"Nikuambie nilivyo?"

"Niambie."

Na ili amwambie, ikabidi atazame. Niliiona shingo yake ikikataa. Kisha kidevu kikashuka, kidogo kidogo, mpaka macho yakafika.

Akalifuata kovu kwa macho, mwanzo mpaka mwisho.

"Kuna mstari," akasema. "Unaanzia kwapani, unakuja mpaka katikati ya kifua. Umepinda hapa. Sikujua kwamba umepinda. Rangi yake... si nyekundu. Nilidhani ni nyekundu. Ni kama ndani ya kombe. Ngozi imelala bapa, mbavu naziona. Kila nilipopitisha sabuni nilidhani pana shimo." Sauti ikavunjika, akaiokota. "Hapana shimo. Panafanana na jicho lililofumbwa. Nikikugusisha hapa sitasikia kitu, Taegyu, wamekata mishipa. Nasikia pembeni tu, huku. Na mkono huu wa kushoto ukichoka unavimba. Ndivyo nilivyo. Nimemaliza."

Mvuke ulipanda na kupita juu ya ukuta. Upande wa pili hakuna sauti. Nikahesabu, moja, mbili, tatu. Nilipofika tisa nilianza kumtafutia yule kijana matusi. Ule mkono wa kulia wa Ranhi ukaanza kupanda.

"Umemaliza?" Taegyu akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia akajipangusa kwa kitambaa cha grisi.

"Nimeshasema nimemaliza."

"Basi na mimi nikuambie nilivyo. Haki sawa. Nina kitambi. Kimeota ulipoondoka, kila Ijumaa nikitoka dukani kwako nakula tambi bakuli mbili kwa uchungu. Upara umeanza, nyuma, mama anaujua na ananifichia siri. Jino la huku juu limeng'oka. Nina boksi tisini na mbili za plasta. Mguuni nina..."

"Shika adabu!" Mama Taegyu akafoka. "Mama yako yuko hapa uchi!"

Ranhi alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vigae, amejishika magoti, na katikati ya kicheko kile nikasikia kilio kikitoka, cha zamani, cha chini kabisa, cha mtu aliyekibeba miaka miwili. Sikumgusa. Mama Taegyu ndiye aliyesogeza kigoda chake nyuma yake.

"Nipe glavu, dada Bunrye."

Nikampa. "Mkono wa kushoto usiuguse," nikamwambia. "Na maji ya moto usimpeleke. Mgongo tu."

"Najua kuogesha mgonjwa."

Akaanza kumsugua, kutoka shingoni kushuka. Mara ya kwanza, ya pili. Kisha akasimama, akasogeza uso karibu, akakunja uso.

"Nini hii?"

"Nini?" Ranhi akashtuka.

"Nongo! Tazama! Dada, njoo uone, zinatoka kama tambi! Binti, hujasuguliwa tangu lini?"

"Tangu siku ile mama mdogo aliponifukuza."

"Miaka miwili ya nongo!" Mama Taegyu akazifuta kwa kiganja, akazitazama, na uso wake ukalainika, kitu ambacho sijawahi kukiona juu ya uso ule. "Mzee wangu mwaka wa mwisho hakuwa na nongo. Namsugua, namsugua, hakuna kitu. Ngozi kama karatasi iliyobandikwa dirishani, haioti tena. Nilikuwa nasugua kwa nguvu zaidi, naomba itoke japo kidogo, mpaka akaniambia, 'Mama Taegyu, niache.' Na huyu..." Akanyanyua sauti kuelekea ukutani. "Taegyu! Mchumba wako mchafu kama shamba la viazi!"

"Hiyo ni habari njema?" Taegyu akauliza kwa wasiwasi.

"Nyamaza, nafanya kazi."

Akasugua, akamwaga maji, akasugua tena, na machozi yakimdondokea Ranhi mgongoni pamoja na maji, hamna aliyejua yapi ni yapi.

"Mama," akasema Ranhi bila kugeuka, "siwezi kukuahidi miaka."

"Nimekuomba miaka?"

"Unaogopa mwanao akae hospitalini miaka kumi na mmoja. Inaweza kuwa hivyo. Au mmoja. Au niwazike nyinyi wote. Sijui. Hata wao hawajui."

Ile glavu ikasimama katikati ya mgongo. Niliuona mkono ukisita, nikajua anasikiliza kikohozi cha chumba cha pili.

"Naogopa," akasema. "Sitakudanganya. Nitaogopa kila siku."

"Na mimi," akasema Ranhi.

"Basi tutakuwa wawili." Na mkono ukaendelea.

Ranhi akavuta pumzi. "Taegyu. Alhamisi nina kipimo Wonju. Ni kila miezi sita. Nimekuwa naenda peke yangu, nakaa kwenye kile kiti nasubiri waite jina. Basi linaondoka saa kumi na mbili na robo asubuhi."

"Nitakuwa kituoni saa kumi na moja."

"Ngoja, sijamaliza. Ukija unakaa mpaka waseme. Wakisema vibaya, hulii mpaka mimi nilie kwanza."

"Sawa."

"Na huniambii kwamba kila kitu kitakuwa salama."

Hilo lilimuuma Taegyu kuahidi, wanaume wanapenda sana neno lile. "Sikuambii," akasema.

"Nitawafungia wali na mwani wa kula njiani," akasema Mama Taegyu. "Na mayai."

"Ranhi." Sauti ya Taegyu sasa ilikuwa pale pale kwenye ukuta, chini, kama ameegemeza paji la uso kwenye vigae. "Kwa hiyo ni ndiyo?"

Ranhi alinyoosha mkono wa kulia, ule unaokaa kifuani siku zote, akauweka bapa juu ya ukuta ule uliolowa.

"Ni Alhamisi," akasema. "Vaa koti zito. Kile chumba cha kusubiri kina baridi kuliko nje."